Aliyeshika Kamba Kivukoni: Maneno ya Kuwaaga Kassimu na Kulthumu

Bwana Mkubwa uliyetoka Usumbura ukakubali kuketi nasi kwenye viti vyetu vya ukili. Mtware, chifu wetu, pamoja na watu wako mlioshuka milimani tangu alfajiri. Shekhe wetu na walimu wa chuo. Wazee wa Rumonge, wa Kigwena na wa Gitaza. Wenzangu wa bunduki, mliobaki. Mama zetu na dada zetu mlio upande ule wa ua. Na nyinyi mlioitwa, na nyinyi msioitwa mkaja kwa mapenzi yenu: amahoro. Assalamu alaykum.

Mimi ni Radjabu, niliyekuwa shaushi wa askari. Wengi mnanijua kwa mguu huu ninaouburuta. Nimeambiwa niseme machache, lakini mtu aliyezoea kuamrisha wenzake hapewi nafasi ya kusema kisha akategemewa kunyamaza upesi. Mnivumilie.

Tumekusanyika kuwaaga Kassimu na dada yake Kulthumu, watoto wa marehemu fundi mitumbwi aliyetoka Ujiji akahamia hapa kwetu na kuzikwa hapa kwetu. Kesho stima itawachukua mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma watapanda gari la moshi, hilo lililofika mwaka huu huu, mpaka Dar es Salaam kwenye maonyesho makubwa. Watakwenda na sanduku lao la sanamu. Sanamu zenyewe mmeziona pale mezani: watu wa mti, warefu kama kidole, askari na wapagazi na wanawake, wakivuka mto. Nimewaona mkizitazama. Vijana wamecheka. Watu wazima wamecheka kidogo, kisha wakainama waone vizuri. Na nimemsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: vitu vya kuchezea watoto ndivyo vimetukusanya juani namna hii? Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na maneno yangu yote ya leo ni jibu lako.

Kiangazi kilichopita Bwana Mkubwa alimwita Kassimu akamwambia kwamba anataka kikosi chetu cha zamani, kile kilichotoka Rumonge kwenda milimani mwaka wa mafuriko, kichongwe kwa mti na kupakwa rangi, ili watu wa Dar es Salaam waone askari wa ziwani walikuwa watu gani. Alitaka wajipange safu safi, tarbushi vichwani, viatu miguuni, bendera mbele. Lilikuwa ombi la heshima, na sisi wenyewe tuliopita katika kikosi kile tulifurahi. Nani hapendi kuchongwa akiwa nadhifu?

Lakini Kassimu mnamjua. Si mtu mpole, na sitamsingizia upole leo kwa sababu anasafiri. Hubishana na wateja, hubishana na mbao, na nimemkuta akibishana na patasi. Alipopewa kazi ile alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza: siku hiyo mlivaa nini? Mkanda ulipita bega lipi? Bunduki zile za zamani zilibebwaje mvua ikinyesha? Kwangu alikuja kuuliza habari za vifungo vya mfuko wa koti. Nikamwambia, "Kassimu, mtu mwenyewe ni kama kidole. Kifungo chake nani atakiona?"

Akanijibu, "Shaushi, wewe utakiona."

Na kweli nilikiona. Nilipokiona nilikumbuka uzito wa koti lile likiwa limelowa, na harufu yake, na mtu aliyelala kando yangu.

Kulthumu naye alikuwa na maswali yake. Ninyi mnadhani kaki ni rangi moja. Yeye alituambia kaki ya askari aliyetembea mwezi mzima ni rangi nyingi: mabegani imepauka kwa jua, chini ya mkanda bado mpya, magotini ina udongo wa mahali alipopiga goti. Akachanganya udongo na kiini cha yai, masizi, nili, na unga mwekundu wa mkurungu kwa zile alama za cheo mkononi. Alikuwa akipaka, kisha anamwita mmoja wetu na kumwuliza, "Ndiyo hii?" Ukisema ndiyo haraka haraka, anakutazama na kukuambia ukae kwanza, ukumbuke.

Sasa, tulipoulizwa namna hiyo, siku baada ya siku, wote tulijikuta tunarudia mahali pamoja. Mtu anaanza na gwaride la kuondoka, lakini akifika kwenye miguu anasema: hapana, tulipovuka mto miguu ilikuwa wazi. Kwa nini ilikuwa wazi? Kwa sababu vile vitambaa vya buluu tulivyozungushia miguuni tulikuwa tumevifungua na kuviunganisha, kitambaa kwa kitambaa, vikawa kamba. Basi Kassimu akaliacha gwaride. Akasema saa ambayo watu wote wanaikumbuka ndiyo atakayoichonga.

Bwana Mkubwa aliposikia, alisema hapana. Nalitaja jambo hili mbele yake kwa sababu ni mtu wa haki na hatanikasirikia. Alisema askari wa serikali hawaendi maonyesho miguu mitupu. Kassimu akajibu, "Bwana, siku hiyo walikuwa miguu mitupu." Bwana Mkubwa akaondoka. Hakusema ndiyo, ila hakuichukua kazi akampa mwingine, na fundi mwenye akili anajua maana ya hilo.

Niwaeleze vijana kivuko kile kilikuwa nini. Tulikuwa tunarudi kutoka milimani. Nyuma yetu nyumba zilikuwa zinaungua, nasi ndio tuliozichoma, na wenye nyumba walikuwa wanatufuata. Mvua ilikuwa imeponda nchi tangu usiku. Tulipofika kwenye mto ule wa njia ya Kigwena tulikuta maji mekundu, yanakwenda kwa nguvu, yamebeba magogo. Askari anayejua kuogelea angevuka. Lakini tulikuwa na wapagazi wenye mizigo, na majeruhi, na wake zetu waliotufuata safari nzima na watoto migongoni. Ndipo ikatengenezwa kamba. Watu wakavuka na ncha moja mpaka ng'ambo ya huku kwetu, wakaishika. Ncha ya pili ilibaki ndani ya matete, upande wa adui, na watu wakapita wakiishikilia, mmoja mmoja. Mimi nilivushwa juu ya machela, risasi pajani na homa kichwani. Sikuona kitu ila mbingu.

Jioni majina yalipoitwa, mtu mmoja hakujibu: ombasha Alimasi, aliyenifuata mimi kwa cheo. Kamba ilipovutwa ilikuja fupi, imekatika. Watu wakasema ilikuwa imefungwa kwenye mti, na mti umeng'olewa na maji. Na Alimasi? Alionekana mara ya mwisho upande wa pili, bunduki begani, ameyapa maji kisogo. Basi likatoka neno kwamba Alimasi ametoroka na bunduki ya serikali. Neno hilo hakuna aliyelitia sahihi, kila mtu alilipokea kutoka kwa mwenzake, na mwisho likawa ndilo jina lake.

Mke wake mnamjua. Mwamini yupo pale, chini ya kivuli cha ua, amevaa kaniki mpya. Alitolewa katika nyumba za askari. Kwenye harusi aliombwa, kwa adabu, asitie mkono katika hina ya bibi harusi. Mke wa mtoro. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya mto ule walimwita hivyo bila kujua mtoro mwenyewe alikuwa nani. Naye hakuhama. Alikamua mawese yake, akauza dagaa wake, na alipoulizwa habari za mumewe alisema, "Hajarudi." Neno moja hilo, miaka yote.

Turudi kwa Kassimu. Alichonga mto, akachonga matete, akachonga mti, na kamba akaifunga kwenye mti. Nawaambia mti ule ulikuwa mzuri, una mizizi, una matawi, hata gome lake ulitamani kuligusa. Akampa dada yake aupake. Kulthumu akauliza, "Ni mti gani? Jani lake nilipake kijani kipi?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Swali la fundi wa rangi.

Akaja kwetu wazee wa kikosi. Asmani akasema ulikuwa mkuyu. Hamissi akasema hapana, mchikichi, anaukumbuka kabisa. Wa tatu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hai bado, akaapa ulikuwa mti mkubwa wa miiba. Kulthumu akawasikiliza wote, akarudi kwa kaka yake akamwambia, "Kaka, watu hawa watatu wanakubaliana juu ya kifungo, wanakubaliana juu ya rangi ya maji. Juu ya mti tu hawakubaliani. Hakuna aliyeuona."

Kassimu alikasirika, maana mti ulikuwa umekwisha na aliupenda. Walizozana mpaka majirani wakatoka nje. Kesho yake wakaenda mtoni wote wawili.

Walikuta matete na matope na mawe machache. Wakatafuta kisiki, wakatafuta shimo la mizizi. Kuna bibi alikuwa analima kando, wakamwuliza. Akawacheka. "Muti? Hapa hakuna muti. Tangu nilikuwa mutoto hapa hakuna muti. Udongo iko laini sana, muti hausimame."

Kassimu alirudi Rumonge, akauchukua mti wake, akautia motoni. Dada yake anasema alisimama akautazama mpaka ukawa majivu. Kisha akaanza kuuliza swali jipya: kama hapakuwa na mti, kamba ilishikwa na nani?

Wenzangu wa bunduki, sisi hatukuwa na jibu. Aliyekuwa nalo alikuwa Fatuma, mke wa mpagazi, ambaye ndiye aliyevuka mwisho. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa sababu nani huuliza mke wa mpagazi habari za vita? Kulthumu alimwuliza kwa sababu alitaka kujua rangi ya nguo aliyombebea mtoto. Fatuma akaeleza nguo, kisha akasema, "Yule aliyenishikisha kamba aliniambia, 'Kamata, dada, usigeuke nyuma.' Sikugeuka. Nilidhani amefunga, anakuja."

"Alikuwa nani?"

"Sijue. Nilikuwa natazama maji. Lakini kamba ilikuwa inapumua. Kamba ya muti haipumue."

Kassimu akavuka tena mto, safari hii akaendelea mpaka milimani, kwa watu tuliowachomea nyumba. Alikwenda bila askari. Na huko akampata mzee huyu aliyeketi leo kando ya Mtware wetu, mzee Ndabaneze. Mzee, nakusalimu. Siku ile mimi nilikulenga wewe na wewe ulinilenga mimi, na sijui kama mguu huu ni kazi yako. Tumekula pamoja asubuhi hii na hatukuulizana.

Mzee Ndabaneze alimwambia Kassimu, nami nayasema maneno yake kama alivyoyasema: "Tulifika juu ya mto, tukaona mutu mumoja amebaki. Amesimama mu maji mpaka hapa, kamba amejizungushia kiuno, mikono yote miwili mu kamba. Bunduki iko mugongoni. Ndugu yangu akavuta upinde. Nikamwambia, ngoja. Tazama kule, kuna mwanamuke na mutoto mu kamba. Utamupigaje mutu hivyo? Tukangoja. Mwanamuke akafika. Yule mutu akageuka, akatuona. Hakushika bunduki. Akataka kutoka, lakini gogo likaja."

Walimkuta kesho yake kwenye mdomo wa mto, kamba bado kiunoni. Wakamzika juu ya ukingo, penye michikichi, wakaweka mawe. Watu ambao nyumba zao zilikuwa bado zinatoa moshi walimchimbia kaburi mtu aliyetoka kuzichoma. Nimekuwa nikilifikiria hili tangu nilipolisikia, na sijalimaliza.

Kassimu akamwuliza, kama kawaida yake: alikuwa mrefu kiasi gani, uso wake namna gani? Mzee akasema uso ameusahau, ila bega moja la yule mtu lilikuwa chini kuliko jingine.

Kassimu aliporudi, Kulthumu ndiye aliyekwenda kwa Mwamini. Hakumweleza habari yoyote. Alimpelekea sanamu ambayo kaka yake aliichonga usiku ule ule, ya mtu aliyesimama majini na kamba kiunoni, akamwuliza tu kama anamjua. Mwamini akaishika, akaigeuza. Akasema, "Bega mmekosea. Lililoshuka ni la kushoto. Alianguka mchikichini akiwa kijana, mfupa ukaunga vibaya." Kisha akauliza, "Amesimama wapi huyu?"

Kulthumu akamwambia.

Mwamini hakulia mbele yake. Alisema, "Chongeni tena. Mkikosea bega, watu watasema ni mwingine." Na Kassimu, huyu mbishi wetu, alichonga tena bila neno lolote.

Nani atasema baada ya hayo kwamba bega la mtu wa mti ni jambo dogo?

Ilibaki shida moja. Mzee Ndabaneze alikuwa amemwomba Kassimu jambo: "Ukinitengeneza na mimi, tengeneza na nyumba yangu nyuma yangu, inaungua. Ilikuwa hivyo." Kassimu akachonga nyumba, na Kulthumu akapaka moto na moshi. Bwana Mkubwa alipokuja kutazama, aliwaona wanawake na wapagazi akakunja uso. Aliiona nyumba inayoungua, akasema iondolewe.

Nilikuwepo, nimeegemea mlango. Kassimu akasema, "Bwana, nikiondoa nyumba, mzee huyu hana sababu ya kusimama kilimani. Nikimwondoa mzee, hakuna aliyemwona Alimasi. Na kama hakuna aliyemwona, basi Alimasi ni mtoro tena. Nyumba moja nikiiondoa, sanamu zote zinasema uongo."

Bwana Mkubwa, nikusifu mbele ya watu kwa ulichokifanya, maana mwenye amri huwa hasifiwi kwa mambo madogo. Ulivuta kiti ukaketi. Ukamchukua yule mtu wa majini ukamtazama sana, mbele na nyuma. Ukamrudisha mahali pake, taratibu, ukielekeza uso wake kwenye mto kama ulivyomkuta. Ukasema, "Huyu askari. Acha yote." Ukatoka. Sisi askari wa zamani tumeyashika maneno hayo mawili ya kwanza. Boma bado halijatuambia kwamba jina la Alimasi limetolewa miongoni mwa watoro. Tunangoja, nasi tumefundishwa kungoja. Lakini mjane wake ni mtu mzima, na mimi ni mzee, na heri neno litoke tungali hapa wa kulisikia. Kwa upande wa mji, limekwisha toka. Ijumaa iliyopita tulikwenda kwenye yale mawe, Shekhe akasoma, na watu wa milimani wakasimama pamoja nasi.

Kassimu, Kulthumu, wanangu. Huko Dar es Salaam watakuja watu wakubwa, watainama juu ya meza yenu. Wengine watasema askari hawa ni wachafu. Wengine watauliza kwa nini kuna wanawake. Jibuni kama mlivyokuwa mkitujibu sisi: ilikuwa hivyo. Kassimu, usipigane na mtu. Kulthumu, akipigana, wewe linda sanduku. Na mkirudi, Inshallah, mtatukuta hapa, na mtakuta kazi, maana tayari watu watatu wameniuliza kama mtaweza kuwachonga ndugu zao.

Sasa nawaomba wenzangu wa bunduki msimame. Pole pole, Asmani, hakuna anayetuhimiza.

Vijana hawajui desturi yetu ya kuita majina. Jioni askari hujipanga, mkubwa huita, na kila mtu huitika. Aliye lindoni hawezi kuitika mwenyewe, kwa hiyo wa karibu naye humwitikia, ili asiandikwe kuwa hayupo. Jioni ile ya mto, jina la Alimasi liliitwa mara moja, hakuna aliyemwitikia, na tangu hapo halikuitwa tena. Sikuliita mimi, nilikuwa nimelala kwa homa. Naliita leo.

Ombasha Alimasi.

Tumesikia, Mama Mwamini. Rudia, kwa ajili ya walio nyuma.

Nyinyi mlio nyuma, amesema: "Yuko zamu, kivukoni."

Ameitikiwa. Wenzangu, ketini. Bwana Mkubwa, Mtware, Shekhe, mama zetu, wageni wetu wote: mmenipa masikio yenu muda mrefu, nami sina cha kuwarudishia ila shukrani. Murakoze. Asanteni sana kwa kunisikiliza.